Kwa nini |x| haina derivativu kwenye sifuri, lakini x|x| inayo

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tano wa Masasi, mkoani Mtwara, anayesoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati:

"Shikamoo, Mwalimu. Tumefundishwa kwamba funksheni yenye thamani kamili haina derivativu pale ambapo kilichomo ndani ya alama kinakuwa sifuri. Nilipopewa f(x) = |x² − 4x + 3| nilijibu |2x − 4|, nikakosa. Halafu kuna swali la x|x|: majibu yaliyo mwishoni mwa kitabu yanasema derivativu yake kwenye sifuri ni 0, wakati mimi nilitegemea isiwepo. Na programu ya simu inaniambia kwamba hata derivativu ya |x| kwenye sifuri ni 0. Nimwamini nani?"

Marahaba, mwanangu. Kitabu kiko sahihi, simu imekosea, na ulichofundishwa ni kweli kwa funksheni nyingi utakazokutana nazo darasani lakini si sheria. Alama ya thamani kamili peke yake haiwezi kuiondoa derivativu. Alama ikiifunika funksheni nzima, kinachoamua ni namna kile kilichomo ndani kinavyofika kwenye sifuri: kikiivuka sifuri kikiwa na mteremko, grafu inapata kona na derivativu inakosekana, kikifika pale mteremko wake ukiwa sifuri, kona haitokei na derivativu ipo. Majibu ya maswali yako yanaanzia kwenye tofauti hiyo, ingawa katika x|x| itabidi tukitazame pia kilicho nje ya alama, lakini haifai uipokee kwa kuambiwa tu, kwa hiyo tuijenge tangu mwanzo.

Derivativu ya funksheni katika nukta a ni mteremko wa grafu yake katika nukta hiyo, nao hupatikana kwa kikomo: tunachukua badiliko f(a + h) − f(a), tunaligawanya kwa h, kisha tunaiacha h ikaribie sifuri. Angalia kwamba h inaweza kukaribia sifuri kutoka kulia, ikiwa chanya, au kutoka kushoto, ikiwa hasi, na derivativu ipo pale tu ambapo njia zote mbili zinatufikisha kwenye namba moja. Kwa funksheni kama x² au sin x pande hizo mbili zinakubaliana kila mahali, ndiyo maana wanafunzi wengi huzoea kuzisahau. Kwenye thamani kamili huwezi kuzisahau, kwa sababu hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Thamani kamili ni funksheni ya vipande viwili: |x| ni x ikiwa x ni sifuri au zaidi, na ni −x ikiwa x ni chini ya sifuri. Alama ya kutoa katika kipande cha pili isikutishe. X ikiwa −7, basi −x ni 7. Mistari miwili ya wima tunayoandikia ilianza kutumiwa na Karl Weierstrass, mwanahisabati wa Ujerumani, mwaka 1841. Kwa kuwa kila kipande ni mstari ulionyooka, mteremko wake unaonekana bila hesabu yoyote: ni 1 kulia kwa sifuri na −1 kushoto kwake. Kwenye sifuri penyewe tunalazimika kurudi kwenye kikomo, na sehemu tunayoitazama ni

(|0 + h| − |0|)/h = |h|/h

ambayo ni 1 kwa kila h iliyo chanya, hata iwe ndogo kiasi gani, na ni −1 kwa kila h iliyo hasi. Upande wa kulia unasema 1, upande wa kushoto unasema −1, wala hakuna namba ya tatu ya kuwapatanisha. Derivativu haipo, na kutokuwepo kwake ni jibu kamili la swali.

Mbali na sifuri, matokeo hayo mawili yanaweza kuandikwa kwa fomula moja: derivativu ya |x| ni x/|x|, kwa x yoyote isiyo sifuri. Anayetaka kuifikia bila kugawa vipande aandike |x| = √(x²), atumie kanuni ya mnyororo (derivativu ya funksheni ya nje mara derivativu ya iliyo ndani yake), naye atapata 2x/(2√(x²)), ambayo ni x/|x|. Baadhi ya vitabu huandika |x|/x. Ni kitu kilekile, kwa sababu x² na |x|² ni sawa. Zote mbili hazisemi lolote zaidi ya alama ya x, yaani 1 kwa chanya na −1 kwa hasi, na zote mbili zina asili inayokuwa sifuri mahali palepale ambapo derivativu haipo.

Sasa weka funksheni g(x) ndani ya alama badala ya x. Kanuni ya mnyororo inatoa

(|g(x)|)′ = g′(x) · g(x)/|g(x)|, mradi g(x) isiwe sifuri.

Isome fomula hii polepole, kwa sababu kosa lako la kwanza limo ndani yake. Inasema kwamba pale g ilipo chanya, derivativu ni g′ kama ilivyo; pale g ilipo hasi, derivativu ni −g′. Alama inayokaguliwa ni ya g, si ya g′. Ulipojibu |2x − 4| uliihamisha mistari ya wima kutoka kwenye g na kuiweka kwenye g′, na hivyo ukasema kwamba grafu haishuki mahali popote. Jaribu x = 0. Ndani ya alama kuna 3, ambayo ni chanya, kwa hiyo jirani na sifuri funksheni yetu ni x² − 4x + 3 yenyewe, nayo pale inashuka kwa mteremko wa −4. Jibu lako lingetoa 4, yaani kupanda. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika mada hii, na dawa yake ni kutoanza kutafuta derivativu kabla ya kujua mahali ambapo g ni chanya na mahali ambapo ni hasi.

Kwa mfano wako, x² − 4x + 3 ni (x − 1)(x − 3). Ni chanya kabla ya 1 na baada ya 3, na ni hasi kati ya 1 na 3. Kwa hiyo f′(x) = 2x − 4 ikiwa x < 1 au x > 3, na f′(x) = 4 − 2x ikiwa x iko kati ya 1 na 3. Zimebaki nukta mbili za mpaka. Tukikaribia 1 kutoka kushoto mteremko unaelekea −2, na kutoka kulia unaelekea 2. Kwenye 3 ni hivyohivyo, −2 kushoto na 2 kulia. Nukta zote mbili ni kona, na derivativu haipo. Katikati yake, kwenye x = 2, derivativu ni 0, na hapo parabola iliyopinduliwa inafika kilele chake kidogo cha 1.

Hapo nimetumia njia ya mkato inayohitaji tahadhari. Nimechukua derivativu ya kila upande na kuangalia inaelekea wapi kwenye mpaka, badala ya kurudi kwenye kikomo cha h. Njia hiyo inaruhusiwa ikiwa funksheni yenyewe ina mwendelezo katika nukta ya mpaka, yaani grafu yake haikatiki pale, na |g| huwa nao kila mara g inapokuwa nao. Usiitumie kwa funksheni isiyo na mwendelezo. Chukua x/|x| yenyewe kama funksheni: kushoto ni −1 daima na kulia ni 1 daima, kwa hiyo derivativu ya kila upande ni 0, na mtu mwenye haraka ataandika kwamba derivativu kwenye sifuri ni 0. Lakini pale pana mruko kutoka −1 hadi 1, na penye mruko hakuna derivativu.

Sasa tufike kwenye kiini. Grafu ya |g| hupatikana kwa kuikunja grafu ya g kwenye mhimili wa x kama mtu anavyokunja mkeka: iliyokuwa chini ya mhimili inageuzwa kuja juu, na iliyokuwa juu haiguswi. Swali ni lini mkunjo huo unaacha kona. Chukua nukta a ambapo g(a) = 0, na tuseme g ina derivativu hapo. Kwa kuwa |g(a)| ni sifuri, sehemu tunayoitafutia kikomo ni |g(a + h)|/h, nayo tunaweza kuiandika hivi:

|g(a + h)|/h = |g(a + h)/h| · |h|/h

Kipande cha kwanza upande wa kulia wa mlinganyo huu kinaelekea |g′(a)|, bila kujali h inatoka upande gani. Kipande cha pili ni 1 kwa h chanya na −1 kwa h hasi. Kwa hiyo mteremko wa kulia wa |g| ni |g′(a)|, na mteremko wa kushoto ni −|g′(a)|. Namba na kinyume chake haziwezi kuwa sawa isipokuwa namba hiyo ni sifuri. Hitimisho, bila mashaka yoyote: pale g(a) = 0, funksheni |g| ina derivativu kwenye a ikiwa, na ikiwa tu, g′(a) = 0; na derivativu hiyo ikiwepo ni 0.

Nakushauri uushike uthibitisho huu kuliko kulishika hitimisho lake, kwa kuwa ni wa mstari mmoja na unajitosheleza. Ukiutumia kwa |(x − 1)²(x − 3)|, utaona mara moja kwamba mizizi miwili, yaani 1 na 3 zinazokifanya kilichomo ndani kiwe sifuri, haitendi sawa. Kwenye 3, derivativu ya kilichomo ndani ni (3 − 1)², yaani 4, kwa hiyo pana kona yenye mteremko wa −4 kushoto na 4 kulia. Kwenye 1, mzizi unajirudia mara mbili, derivativu ya ndani ni 0, na |g| inapita pale kwa ulaini kabisa. Kwa funksheni za aina hii, yaani zao la mabano, unaweza kuziona kona kwa macho tu: mzizi unaotokea mara moja unaleta kona, mzizi unaojirudia hauleti. Kwenye sin x hakuna mzizi unaojirudia, kwa sababu kila inapofika sifuri, cos x ni 1 au −1. Ndiyo maana |sin x| ina kona kwenye 0, π, 2π na kila zao la π kwa namba kamili.

Hitimisho letu linadai kwamba g′(a) iwepo, na dai hilo si pambo. Funksheni √|x| kwenye sifuri haina hata mteremko wa upande mmoja, kwa maana √h/h ni 1/√h, ambayo inakua bila kikomo h inapopungua. Grafu yake inaingia kwenye sifuri ikiwa wima. Na kwa kuwa nimemtaja Weierstrass, niongeze kwamba ndiye aliyewaonyesha wanazuoni wa Berlin mwaka 1872 funksheni yenye mwendelezo kila mahali lakini isiyo na derivativu mahali popote pale. Ukilinganisha na hiyo, kona moja ya |x| ni jambo dogo sana.

Turudi kwenye x|x|, ambayo ndiyo iliyokusumbua zaidi. Hapa mistari ya wima haifuniki funksheni nzima, bali kipande chake kimoja tu, kwa hiyo hitimisho la juu halitumiki moja kwa moja. Lakini kikomo chake ni rahisi kuliko vyote tulivyoviona: f(h)/h = h|h|/h = |h|, ambayo inaelekea 0 kutoka pande zote mbili. Derivativu ipo na ni 0, kama kitabu kilivyosema. Kwa macho utaona kwamba x|x| ni x² upande wa kulia na −x² upande wa kushoto. Nusu ya parabola inayopanda imeungana na nusu ya parabola iliyopinduliwa, na zote mbili zimelala mahali zinapokutana.

Kwa ujumla, ikiwa f(x) = u(x)|g(x)|, ambapo u ina mwendelezo na g(a) = 0, hesabu ileile inatoa mteremko wa kulia u(a)|g′(a)| na mteremko wa kushoto −u(a)|g′(a)|. Kwa hiyo derivativu ipo ikiwa u(a) ni sifuri au g′(a) ni sifuri. Kinachozidishwa kinaweza kuifuta kona ikiwa chenyewe kinakuwa sifuri mahali palepale. Katika x|x| ndivyo ilivyo; katika (x + 1)|x − 2| sivyo, kwa sababu x = 2 inaipa u thamani ya 3, na kona inabaki ikiwa na mteremko wa −3 kushoto na 3 kulia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitumie tu kanuni ya derivativu ya zao. Kwa x isiyo sifuri tunaweza, nayo inatoa |x| + x · x/|x|, ambayo ni |x| + |x|, yaani 2|x|. Ukiweka sifuri katika 2|x| unapata 0, ambalo ndilo jibu sahihi. Lakini njia uliyopita haikuruhusu kuweka sifuri, kwa kuwa kanuni ya zao inadai kila kipande kiwe na derivativu, na |x| haina derivativu pale. Umefika salama kwa njia isiyo halali, na msahihishaji makini atakukata alama. Nukta ya sifuri ishughulikiwe peke yake kwa kikomo, kisha ndipo useme kwamba f′(x) = 2|x| kila mahali. Angalia pia kwamba kona haikutoweka moja kwa moja, bali imesogezwa ngazi moja: f′ yenyewe ni 2|x|, kwa hiyo derivativu ya pili ya x|x| kwenye sifuri haipo. Kwa |x|³ inasogea ngazi mbili, kwa sababu derivativu yake ni 3x|x|, ya pili ni 6|x|, na ya tatu ndiyo inayokwama kwenye sifuri.

Kuhusu simu yako. Programu nyingi zinazokokotoa derivativu kwa namba hazitumii (f(a + h) − f(a))/h, bali huchukua nukta moja kila upande na kukokotoa (f(a + h) − f(a − h))/(2h) kwa h ndogo sana. Kwa funksheni laini njia hiyo inakaribia jibu kwa haraka zaidi, na ndiyo sababu inapendwa. Lakini kwa |x| kwenye sifuri, |h| na |−h| ni sawa, kwa hiyo kiasi cha sehemu ni sifuri kila wakati, na programu inajibu 0 bila kujua kwamba imepima mteremko wa mstari unaounganisha mikono miwili ya herufi V. Itajibu 0 kwenye sifuri kwa kila funksheni ambayo pande zake mbili zinafanana, iwe na derivativu au isiwe nayo. Ukitaka kuikagua, ingiza mwenyewe |h|/h kwa h = 0.001 kisha kwa h = −0.001; majibu mawili yakitofautiana hivyo, 0 ya programu haina maana.

Kuna aina nyingine ambayo hukuiuliza lakini utakutana nayo, nayo ni pale thamani kamili inapokuwa ndani kabisa, kama sin|x|. Hii si sawa na |sin x|. Kwa f(|x|), upande wa kulia wa grafu ya f unachukuliwa kama ulivyo, kisha unarudufiwa upande wa kushoto, na kona inaweza kutokea kwenye x = 0 tu. Mteremko wa kulia pale ni f′(0) na wa kushoto ni −f′(0), kwa hiyo derivativu ipo ikiwa f′(0) = 0. Kwa sin|x|, f′(0) ni 1, na pana kona. Kwa cos|x|, f′(0) ni 0, na hakuna kona. Kwa kweli cos|x| ni cos x ileile, na alama iliwekwa bure.

Na ipo funksheni moja ambapo alama hiyo inaonekana mwanzoni na kutoweka katika jibu, ambayo ni logi ya asili ya |x|, inayoandikwa ln|x|. Kanuni ya mnyororo inatoa 1/|x| mara x/|x|, yaani x/|x|², ambayo ni 1/x, kwa x chanya na kwa x hasi pia. Ndiyo sababu, utakapofika kwenye kinyume cha derivativu, utaambiwa kwamba funksheni inayotoa 1/x ni ln|x| na si ln x tu: ln x haina chochote cha kusema upande wa namba hasi, wakati 1/x ipo huko.

Nikupe sasa mfano mmoja ambapo mahali pasipo na derivativu ndipo penye jibu, na nitauchukua kutoka huku Kusini. Msimu wa korosho ukifika, vyama vya msingi vya ushirika hukusanya mazao ya wakulima kwenye maghala kabla ya mnada. Tuseme vijiji vitano viko kwenye barabara moja iliyonyooka, kwenye kilometa 2, 5, 9, 16 na 30 kutoka mjini Masasi, kila kijiji kinatuma lori moja, na tunataka ghala lijengwe kilometa x ili jumla ya safari za malori yote iwe fupi iwezekanavyo. Jumla hiyo ni

S(x) = |x − 2| + |x − 5| + |x − 9| + |x − 16| + |x − 30|

Mwanafunzi aliyezoea hesabu za thamani ya juu na ya chini atatafuta S′(x) = 0. Hataipata. Kila kijiji ambacho ghala limekwisha kukipita kinachangia 1 katika derivativu, na kila kijiji ambacho bado kiko mbele kinachangia −1. Kabla ya kilometa 2 derivativu ni −5. Kisha inakuwa −3, halafu −1, kisha 1, 3 na 5. Vijiji vikiwa vitano, idadi ya vilivyo nyuma na ya vilivyo mbele haiwezi kulingana, kwa hiyo S′ haiwi sifuri mahali popote. Hata hivyo S inashuka mpaka kilometa 9, ambapo derivativu inaruka kutoka −1 hadi 1, na baada ya hapo inapanda. Ghala lijengwe kilometa 9, kwenye kijiji cha katikati, penye kona. Jumla ya safari pale ni 7 + 4 + 0 + 7 + 21, yaani kilometa 39. Ukichukua wastani wa umbali, ambao ni 12.4, jumla inakuwa kilometa 42.4.

Mfano huu una mambo zaidi ya hayo. Hamisha kijiji cha mwisho kutoka kilometa 30 hadi kilometa 90: jumla itaongezeka, lakini mahali pa ghala hapabadiliki hata kidogo, kwa sababu derivativu haijui umbali wa kijiji, inajua tu kama kiko nyuma au mbele. Wastani ungevutwa mbali sana. Ongeza kijiji cha sita, na derivativu itakuwa 0 kati ya kijiji cha tatu na cha nne, kwa hiyo nukta yoyote kati ya viwili hivyo ni nzuri sawa na nyingine. Na ikiwa vijiji havitumi malori sawa, kila kijiji kihesabiwe kwa idadi ya malori yake: vitatu vya kwanza vikituma moja moja, cha kilometa 16 kikituma mawili na cha kilometa 30 matatu, derivativu inaruka kutoka −2 hadi 2 kwenye kilometa 16, na ghala linahamia huko.

Wazo la kutumia jumla ya thamani kamili kupima tofauti ni la zamani. Mwanahisabati Roger Boscovich alilitumia mwaka 1757 katika hesabu za umbo la dunia. Njia iliyolishinda kwa umaarufu, ya kujumlisha vipeo vya pili vya tofauti, ilichapishwa na Adrien-Marie Legendre, mwanahisabati wa Ufaransa, mwaka 1805, na sehemu kubwa ya ushindi wake, kwa maoni yangu, ilitokana na jambo hili tunalolizungumzia: kipeo cha pili kina derivativu kila mahali na hesabu yake inatiririka, wakati thamani kamili inamlazimisha mtu asimame kwenye kila kona.

Kuhusu kuandika jibu katika mtihani, anza kwa kutafuta mizizi ya kilichomo ndani, andika funksheni kwa vipande, toa derivativu ya kila kipande, kisha uitaje kila nukta ya mpaka na useme kama derivativu ipo au haipo, ukionyesha miteremko ya pande mbili. Jibu lisilotaja nukta za mpaka ni pungufu hata kama fomula zake zote ni sahihi. Ukitaka kujipima, chukua f(x) = x|x² − x|. Kilichomo ndani kinakuwa sifuri kwenye 0 na kwenye 1, na katika nukta zote mbili derivativu ya x² − x si sifuri, kwa hiyo itabidi umtazame mzidishaji aliye nje. Unapaswa kupata kwamba kwenye 0 derivativu ipo na ni 0, na kwenye 1 pana kona yenye mteremko wa −1 kushoto na 1 kulia.